Baba mkwe amejitoa kwenye kundi letu la vita

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanaume wa miaka 42, nina mke na watoto watatu, nakaa Segerea, duka langu la spea za magari liko Gerezani. Sinywi, sina mchepuko, sichezi mikeka. Naanza na hayo kwa sababu mke wangu akiwasimulia mashoga zake mambo yangu ya usiku, wote wanahisi nina mwanamke: nimegeukia ukutani, mwanga wa simu nimeupunguza, natabasamu peke yangu. Ninachoangalia ni vita.

Tangu alfajiri ile ya tarehe 24 Februari 2022 Warusi walipoingia Ukraine, sijakosa hata siku moja. Nina kundi la WhatsApp, mimi ndiye admini, tuko watu 180 na ushee, wengi wa hapa Dar, wachache Mwanza na Arusha, wawili wako Muscat. Kuna timu Urusi na timu Ukraine, kama Simba na Yanga, ila dabi yetu haina kipenga cha mwisho. Mimi ni timu Urusi, sikufichi, lakini nachambua kwa haki. Klipu ikiingia haipokelewi hivi hivi. Tunauliza imepigwa wapi, lini, kivuli kimelalia upande gani, miti ina majani au imepukutika. Mwaka ule wa kwanza nilimuumbua mjumbe aliyeleta ndege zinatunguliwa usiku, kumbe ni mchezo wa kompyuta unaitwa Arma 3. Timu Ukraine nao walitupigia kelele na rubani wao, Mzimu wa Kyiv, mpaka mwisho wa Aprili 2022 jeshi lao la anga lenyewe likasema huyo ni shujaa wa hadithi tu. Nasi tulikuwa na za kwetu, ila hizo sitazitaja hapa.

Sasa Shangazi, nina mambo matatu.

La kwanza ni baba mkwe. Mzee alikuwa dereva wa jeshi, alikwenda Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin, aliendesha malori ya risasi mpaka Masaka na baadaye Kampala. Machi 2022, sisi tunahesabu saa Kyiv ianguke, ule msafara wa magari ya Urusi wa zaidi ya kilomita 60 umesimama barabarani kaskazini mwa mji, nilikwenda kumjulia hali kwake Gongo la Mboto nikamwonyesha picha ya setilaiti. Akavaa miwani, akaiangalia kama fundi anayekagua gari lililoletwa linavutwa. Akaniuliza swali moja tu: "Mafuta wanaletewa na nani?" Nikacheka. Mwezi haujaisha, wale watu wakaanza kurudi walikotoka. Toka hapo nikamwingiza kundini kama mtaalamu wetu. Yeye haandiki, anatuma ujumbe wa sauti, dakika nne, tano, nyuma unasikia kuku. Watu walimpenda sana.

Miezi miwili iliyopita mtu alileta klipu ya droni, zile ndogo anazoongoza mtu aliyevaa miwani ya kamera. Inamfukuza askari mmoja aliyebaki peke yake, anazunguka mti, droni nayo inazunguka. Imewekewa muziki. Watu wakamwaga vicheko. Mzee akatuma ujumbe mfupi kuliko yote aliyowahi kutuma: "Futeni hii. Huyo ni mtoto wa mtu." Wakaanza kumkejeli. Mimi nikaona kundi linaharibika, nikaandika kama admini: "Mzee, huku tunachambua, si mahali pa wenye roho nyepesi. Vita vyenu vya 79 vilikuwa vya bunduki, hivi ni vya kisasa." Haikupita dakika, nikaona maandishi yale ya kijivu: amejitoa. Mpaka leo simu zangu hapokei. Sikukuu nilipeleka mchele na sukari, akapokea mama, mzee akabaki chumbani na redio.

La pili ni mke wangu, ambaye ndiye binti wa huyo mzee. Yeye kalelewa Gongo la Mboto na milio haipendi. Hedifoni yangu sikio moja limekufa kwa hiyo sauti inatoka kidogo. Wiki iliyopita saa nane usiku nilikuwa naangalia ghala la silaha linalipuka, nikashtuka mke yuko mlangoni, kanga begani, mtoto wetu mdogo kamkumbatia, anahangaika na komeo. Nilipomwita akasimama pale pale, akanitazama, akarudi kulala bila neno. Asubuhi akasema nichague, simu au yeye. Naona anakuza mambo.

La tatu ni dau. Niliwekeana laki tatu na jamaa wa timu Ukraine, muuza simu wa Kariakoo, kwamba mji wa Bakhmut kule Ukraine utaanguka kabla ya tarehe 9 Mei 2023, Siku ya Ushindi ya Warusi. Prigozhin, bosi wa Wagner, lile jeshi la kukodiwa la Warusi, akatangaza ameuteka mji tarehe 20 Mei. Jamaa anataka hela yake. Mimi nasema kufikia tarehe 9 ilikuwa imebaki mitaa michache tu upande wa magharibi, kijeshi mji ulishaanguka. Sasa ni zaidi ya miaka miwili tunavutana, na amenitangaza Gerezani yote kwamba silipi madeni.

Kundi lenyewe siku hizi limebaki matusi. Anayenichangamsha ni kijana mmoja wa bodaboda wa Tabata, ana miaka 22, tunakesha naye. Juzi kaniuliza pembeni kama hela za mkataba wa jeshi la Urusi ni za kweli, kuna mtu anamwunganisha. Nikamrushia saluti.

Naomba unishauri: mzee nimrudishe vipi kundini, mke nimweleweshe vipi, na hilo dau linalipwa au halilipwi?

Mchambuzi, Segerea

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, maana nilifundisha miaka 31 na mkono haujasahau. Mzee umempa nafasi kubwa, mkeo kidogo, Bakhmut umenielezea mpaka mitaa ya magharibi. Halafu kule chini kabisa, kama mtu anayekumbuka kuzima taa ya uani, mistari miwili: kijana, miaka 22, kuna mtu anamwunganisha. Na saluti.

Tuanze na huyo. Mengine yamekaa miezi na miaka, yatasubiri.

Mpigie leo. Usimwandikie, maana maandishi yako yeye ameyazoea kuwa ya mzaha na vifaru. Mpigie, au mfuate kijiweni kwake Tabata, ukae naye kwenye benchi. Muulize huyo anayemwunganisha ni nani, amemjuaje, tiketi inalipwa na nani, paspoti itakuwa mkononi mwa nani wakishafika, na huo mkataba umeandikwa kwa lugha gani. Muulize kama ameambiwa ni jeshi au ameambiwa ni kazi ya ulinzi, ya kiwandani, ya udereva. Umejisifu kwangu kwamba klipu hamuipokei hivi hivi, mnatazama vivuli na majani ya miti. Huyo dalali mbona hujamtazama kivuli?

Maana haya unayajua kuliko mimi. Unajua habari ya kijana wetu Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa huko, akaahidiwa msamaha akikubali kwenda na Wagner, akauawa Ukraine Oktoba 2022. Januari 2023 mwili wake ukatua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Waziri wa Mambo ya Nje akalieleza taifa. Kundi lenu lilikuwepo tayari. Najiuliza siku hiyo mliandika nini, timu Urusi na timu Ukraine.

Unajua pia Bakhmut ilikula watu wa namna gani. Prigozhin mwenyewe, mwezi ule ule wa Mei, alisema wapiganaji wake wapatao 20,000 wamekufa pale, karibu nusu yao wafungwa waliotolewa magerezani kwa ahadi kama hiyo aliyopewa kijana wetu. Hiyo ni hesabu ya bosi wao, si ya adui. Na unajua kwamba tangu amri ya Putin ya Septemba 2022 ya kuita askari wa akiba, mikataba ya jeshi lao haiishi tarehe yake ikifika. Inaendelea mpaka watakaposema wao. Kijana anahesabu mwaka mmoja na hela. Huo mwaka mmoja hakuna atakayemhesabia. Majirani zetu Kenya, Septemba 2025, polisi waliwakuta vijana zaidi ya ishirini kwenye nyumba karibu na Athi River wakisubiri kusafirishwa kwenda huko huko. Usimwambie haya kwa kelele, na usimtumie kama viungo vya habari. Mweleze kama unavyomweleza mteja kwamba spea anayoitaka ni feki.

(Ukraine nao wanapokea wageni jeshini tangu Februari 2022. Angekuwa kijana wa timu ya pili ningekuandikia haya haya.)

Kisha muulize swali ambalo halina uhusiano na vita: pikipiki ni yake au ya mkataba? Mimi naishi na wajukuu wawili wa kazi hiyo. Kijana anayepeleka hesabu kila jioni, mvua iwepo isiwepo, akikosa siku tatu mwenye chombo anakuja kuchukua ufunguo, mkataba wa kwanza umeshamchosha. Ukimwambia kuna mkataba mwingine mahali penye theluji, hela inalipwa kwa mkupuo, hakuna haja ya kumshawishi sana. Amekesha na wewe miaka hii si kwa sababu anajua tofauti ya vifaru vya T-72 na T-90. Amekesha kwa sababu wewe ni mtu mzima mwenye duka na unamjibu saa nane usiku. Kwa hiyo akikuuliza kitu kama hicho anauliza kwa baba, na baba akampigia saluti. Wewe unajua watu Gerezani. Gereji ngapi zinanunua kwako? Tafuta hata moja inayohitaji kijana. Na mama yake, kama yupo, ajue kabla ya jumapili hii.

Sasa mzee.

Hukukosea kubishana naye kuhusu vita. Wazee wa jeshi wanapenda kubishiwa, ndiyo chai yao. Umekosea mambo mengine mawili, na dogo ni la historia. Vita vya 79 vya bunduki? Mwanangu, wewe si mtu wa silaha? Ile BM-21 mnayoiita Grad, mirija 40, roketi za milimita 122, mgongoni mwa lori, ndiyo iliyovuka na wanajeshi wetu kuingia Uganda, na Waganda wakaipa jina la saba saba. Mzee alikuwa dereva wa risasi. Inawezekana kabisa kwamba alizibeba hizo roketi unazomwekea klipu leo. Na Machi 1979 ndege ya Gaddafi wa Libya, aliyekuwa upande wa Amin, Tu-22, ilikuja kupiga Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane yakaua wanyama wa hifadhi. Watu wa Mwanza walio kundini kwako wakawaulize wazazi wao. Mlichokuwa nacho kwenye kundi lile ni mtu aliyeyaona mambo hayo kwa macho, ukamwambia aende akalale.

Kubwa ni lile la pili. Ulimsema baba wa mkeo mbele ya watu 180 na ushee, wengi wao umri wa wajukuu zake, kwamba ana roho nyepesi.

Niruhusu nikupeleke Magomeni kidogo. Novemba 1978 nilikuwa msichana wa sekondari. Nyumba yetu ilikuwa ya uani, familia tano, redio moja, ya fundi cherehani. Usiku ule Mwalimu alipohutubia, "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo," uani kulilipuka vigelegele. Watoto tuliruka. Miezi iliyofuata wanaume walikaa pale kila jioni, taarifa ya RTD ikisomwa, wamechora ramani mchangani kwa kijiti: Kyaka hapa, daraja lililovunjwa hapa, Mutukula, Masaka. Walikuwa wachambuzi kama nyinyi, na wengine walikuwa wazuri. Fundi cherehani alisema Kampala itaingiwa kabla ya Pasaka, na ikaingiwa tarehe 11 Aprili, Jumatano ya wiki yenyewe ya Pasaka. Alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Mama yangu hakukaa pale hata jioni moja. Taarifa ikianza, yeye alikuwa anaingia jikoni kuosha vyombo. Nilikuwa nasikia sufuria zikigongana na najua vyombo vyote vilikuwa safi, maana niliviosha mwenyewe. Kaka yangu mkubwa alikuwa huko. Alirudi mzima, mikono miwili, miguu miwili. Alikula amesimama kwa karibu mwaka mzima. Ukimwekea kiti anasema anakuja, halafu anamaliza sahani akiwa ameegemea mlango. Hatukumuuliza.

Basi mzee wako aliposema huyo ni mtoto wa mtu, sidhani kama alikuwa anatoa maoni. Alikuwa amemtambua. Kama si yule wa kwenye mti, ni mwingine.

Unauliza umrudishe vipi kundini. Usimrudishe. Aliingia kwa heshima ya mkwewe, ametoka kwa heshima yake mwenyewe, mwache huko. Unachotakiwa ni kurudi wewe kwake, na hilo halifanyiki kwa kilo za mchele kupitia jikoni. Nenda kamtafute mshenga wako. Ndiyo, yule yule aliyekupelekea barua ya posa. Kama amefariki, tafuta mtu mzima wa upande wenu anayemheshimu mzee. Mwende wawili, mchana, bila kuweka simu mezani. Mwenzako ndiye aanze. Wewe ukipewa nafasi useme ulichosema, neno kwa neno, "wenye roho nyepesi", usilainishe, halafu uombe radhi. Usieleze kwamba kundi lilikuwa linaharibika. Akikaa kimya kaeni naye kimya. Akiuliza habari za mafuta ya magari, hapo ujue mmekwisha.

Kabla hamjaenda, ile klipu iwe imefutwa. Umeniambia aliyosema mzee na uliyomjibu, hukuniambia kama mliifuta. Na ukiwaandikia kundini, andika kwa jina lako kwamba mzee alikuwa sahihi na wewe ndiye uliyekosea. Alitukanwa hadharani, hawezi kuombwa radhi chumbani peke yake.

Mkeo sasa. Umeandika "milio haipendi" kana kwamba ni mtu asiyependa bamia. Kalelewa Gongo la Mboto. Umri wake sijui, lakini kwa watoto watatu nakadiria kwamba usiku wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka pale, alikuwa binti mkubwa nyumbani kwa huyo huyo mzee. Sisi wengine wa Dar tulisikia vishindo kwa mbali tukaona anga jekundu. Wao walikimbia. Watu walitembea kwa miguu usiku kucha, watoto walipotezana na wazazi, maelfu walilala Uwanja wa Uhuru, na zaidi ya ishirini hawakurudi majumbani. Na wa Mbagala walikuwa wameyaonja hayo hayo Aprili 2009. Kwa watu wa pande hizo, ghala la silaha kulipuka si habari za Ukraine.

Sasa rudia ulichoniandikia mwenyewe. Kanga begani, mtoto mdogo mikononi, anahangaika na komeo, saa nane usiku. Unaona alikuwa anafanya nini? Hakuwa anakukasirikia wewe. Alikuwa anatoka kwenda Uwanja wa Uhuru. Nakuomba jambo moja ambalo pengine hujawahi kulifanya kwa miaka yote ya ndoa: muulize usiku ule alikimbia na nani, alimbeba nani, alivaa nini miguuni. Muulize, halafu nyamaza. Usichambue.

Simu ihamie sebuleni. Ichajiwe huko, ilale huko. Klipu yoyote yenye mlipuko itazamwe bila sauti, hata mchana, hata kama hedifoni utanunua mpya, kwa sababu watoto wako nao wana masikio. Ramani hazina mlio, zisome utakavyo. Najua kuna wasomaji wangu wanaotaka nikwambie ufute kundi na uache mambo ya wazungu. Sitasema hivyo. Mwaka 2022 petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita hapa Dar, serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi, watu wengi walikuwa wanalaumu mwenye kituo cha mafuta. Nyie wa vita angalau mlijua upepo unatoka wapi. Mjukuu wangu amenionyesha hawa wachambuzi wa mtandaoni wanaoitwa Oryx, wanahesabu vifaru vilivyoharibiwa kimoja kimoja kwa picha, kisicho na picha hakihesabiwi, na ile siku ya Juni 2025 droni zilipotoka kwenye malori kupiga viwanja vya ndege ndani kabisa ya Urusi, Ukraine ikasema ndege 41 zimepigwa, watu wa picha za setilaiti wakasema subirini tuhesabu, wakapata pungufu. Kazi hiyo naiheshimu. Ni kama kusahihisha mitihani. Ila mtihani una watoto nyuma yake, na klipu ya mtu anayezunguka mti haisahihishi kitu chochote. Hizo zipigwe marufuku kundini, za timu zote mbili. Watakaojitoa kwa sababu hiyo waache wajitoe.

Na dau: lipa.

Unataka sababu? Mlikubaliana mji uanguke kabla ya tarehe 9. Tarehe 5 Mei 2023 Prigozhin alisimama mbele ya maiti za askari wake akimtukana waziri wa ulinzi kwa kunyimwa risasi. Mtu aliyekwisha kuuteka mji hafanyi hivyo. Shahidi ni wa timu yako. Laki tatu, mkononi, dukani kwake, mbele ya wale wale aliowatangazia. Unasema huchezi mikeka. Huo ulikuwa mkeka, tena mbaya, na nimekupigia hesabu yake. Laki tatu gawanya kwa wale 20,000 wa Prigozhin peke yao, bila wa upande wa pili, inatoka shilingi kumi na tano kwa mtu. Sijui siku hizi unanunua nini kwa shilingi kumi na tano. Pipi sidhani.

Lakini hilo ni la wiki ijayo, na mshenga utamwona Jumamosi. Kijana wa Tabata ni leo. Ukishampata nitumie ujumbe kwenye namba ya safu nijue yuko wapi na amesema nini. Hata iwe saa nane usiku, mimi nimeshazeeka, usingizi haba, na wewe najua utakuwa macho.

Shangazi